Habari za Humanite katika Kongo Yetu



Siku moja ya mwezi wa saba, Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa ninafunga daftari la wakatekumeni. Baba mmoja wa parokia yetu akaja na karatasi ya matokeo mkononi. Binti yake amemaliza mwaka wa nane wa masomo ya msingi. Alama zake ni nzuri, na katika Kifaransa amewapita wenzake wote. Sasa anataka kuandikwa katika sehemu ya Kilatini na filozofia, ile ambayo watu wanaiita Latin-Filo. Baba yake hataki.

Akaniambia: «Mwalimu, wewe ulipita seminari. Umwambie mtoto huyu kwamba Kilatini ni kazi ya mapadri. Yeye ni msichana, hatakuwa padri. Aende biokimia awe mganga wa hospitali, ama aende pedagogia apate kalasi ya kufundisha. Hiki Kilatini kitampa nini?»

Binti alisimama nyuma yake, macho chini, asiseme neno. Nikamwomba yule baba anipe wiki moja. Sikukosa jibu. Lakini niliona kwamba neno lake limetoka mbali. Hakulitunga yeye. Alilirithi kwa baba yake, na baba yake alilipata katika mambo aliyoyaona kwa macho: kwamba katika nchi hii, kwa miaka mingi, mtoto mweusi hakusoma Kilatini ila kama yuko katika njia ya upadri. Basi wiki ile nilifungua vitabu vyangu, nikaandika haya. Nikafikiri ya kuwa wazazi wengine wanaulizwa jambo lile lile nyumbani kwao, nao watapenda kujua habari zake.

Tuanze na jina. Sisi Wakongo tunasema «humanite» kila siku. Tangu sheria ya 2014 masomo ya msingi ni miaka 8, kisha mtoto anaingia humanite kwa miaka 4. Hata kijana anayejifunza umeme ama ushoni tunasema yuko humanite. Lakini zamani jina hilo halikuwa la shule zote. Lilitoka katika maneno ya Kilatini yaliyotumiwa na wenye elimu wa Italia katika karne ya 15: masomo ya utu. Maana yake ni lugha, kusema mbele ya watu, mashairi, historia, na elimu ya mwenendo mwema. Waliona kwamba mtu akisoma maandiko ya watu wakubwa wa kale, na kuyapima, na kuyajibu, anajifunza kutawala ulimi wake na akili yake.

Mawazo hayo yalifika Ubelgiji mapema. Katika mji wa Louvain, 1517, padri mmoja tajiri, Jérôme de Busleyden, aliacha mali yake kwa urithi ili ijengwe nyumba ya kufundisha lugha tatu: Kilatini, Kigriki na Kiebrania. Erasmus, mwenye elimu mashuhuri, alisaidia kuianzisha. Miaka 31 baadaye Wayesuiti walifungua koleji yao huko Messina, na katika 1599 walitoa kitabu cha utaratibu wa masomo, kilichoshikwa karibu katika shule zao zote. Kijana alipita kwanza kalasi za sarufi, kisha kalasi ya humanite, kisha retorika, ndiyo ufundi wa kusema. Wabelgiji waliyashika majina hayo. Mwaka wa tano wa koleji zao uliitwa Poezia, wa sita Retorika. Wazee waliosoma seminari hapa kwetu bado wanasema hivyo: «Nilifika hata Retorika.» Ukimsikia mzee akisema neno hilo, ujue amekuambia sehemu kubwa ya maisha yake.

Kweli, Kilatini kilikuwa kimefika Kongo kabla ya Wabelgiji. Henrique, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo, alipelekwa Ureno angali kijana, akasoma huko, na katika 1518 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi alimteua kuwa askofu. Lakini ufalme ule ulibomolewa na vita na biashara ya watu, na masomo yale hayakuacha shule ya kutufikia sisi. Turudi kwa mambo ya karibu.

Mwaka 1906 Serikali ya Mfalme Leopold ilipatana na Roma. Misioni zilipewa mashamba, nazo ziliahidi kufungua shule. Shule zile zilikuwa hasa za kulima, kazi za mikono, kusoma na kuandika. Baadaye, katika 1929, Serikali ya Wabelgiji ilitoa utaratibu wa shule zote zilizosaidiwa kwa fedha zake. Mtoto angesoma miaka 2, kisha 3. Akipita hapo, angechagua: kuwa karani, kuwa mwalimu, ama kuwa fundi. Ndiyo basi. Ukitafuta katika utaratibu ule mahali pa kijana mweusi anayetaka kusoma humanite kama kijana wa Kizungu, hupaoni. Kulihitajika watu wa kuandika barua za ofisi, hakukuhitajika watu wa kuuliza kwa nini barua zimeandikwa hivyo.

Nisiseme uongo: haikuwa Serikali peke yake. Wamisionari wengi nao waliona hivyo. Waliogopa kwamba mtu akisoma sana atadharau kijiji chake, atataka mshahara wa Mzungu, atapoteza imani. Wengine walifikiri hivyo kwa upendo, wengine kwa dharau, na mwenye kuumizwa hakuona tofauti.

Ila mlango mmoja ulibaki wazi, na huo ndio unaoeleza maneno ya yule baba. Padri wa siku zile alisoma Misa kwa Kilatini, alisema maneno ya kuondolea dhambi kwa Kilatini, alijifunza teolojia katika vitabu vya Kilatini. Huwezi kumfanya mtu padri bila Kilatini. Na Roma ilitaka mapadri wazalia wa nchi. Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 aliandika hivyo katika 1919, na Pius wa 11 akarudia kwa nguvu katika 1926: mapadri wazalia wasifundishwe nusu-nusu kama wasaidizi tu wa wageni, wapate masomo kamili. Basi seminari ikawa shule ya pekee ambamo masomo ya mtu mweusi hayakuweza kukatwa katikati. Serikali ilifunga humanite kwa walei, Eklezia iliifungua kwa watakaokuwa mapadri. Nyumba moja, mlango mmoja, na mlinzi mlangoni anauliza: «Unataka kuwa padri?»

Mtu wa kwanza aliyepita mlango huo hata mwisho katika Kongo ya Wabelgiji ni mtu wa kwetu, wa ziwa Tanganyika. Namtaja Stefano Kaoze, Mtabwa wa nchi ya Marungu. Mwisho wa karne ya 19 Mapadri Weupe walianza kufundisha vijana wachache Kilatini huko Mpala, karibu na maji. Askofu wao alikuwa Monsenyori Victor Roelens, Mbelgiji mwenye kichwa kigumu sana. Kaoze alikuwa katika wale vijana. Wenzake walirudi nyumbani mmoja mmoja. Yeye alibaki. Alimaliza filozofia na teolojia huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, na tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917 akapewa upadri. Hesabu mwenyewe miaka aliyokaa juu ya vitabu: inakaribia 20.

Watu wa huku wanajua sana siku ile ya 1917. Wachache wanajua jambo la 1910. Wakati huo Kaoze alikuwa bado mseminari. Aliandika kwa Kifaransa maandishi marefu juu ya akili na roho ya Wabantu: jinsi watu wake wanavyofikiri, wanavyopenda, wanavyoheshimiana. Yalichapwa Bruseli katika 1910 na 1911, katika gazeti lililoitwa La Revue congolaise. Ni maandishi ya kwanza ya namna hiyo ya Mkongo kuchapwa kwa Kifaransa. Fikiri jambo hilo. Wazungu wengi walikuwa wanaandika vitabu wakiuliza kama mtu mweusi anaweza kufikiri. Kijana mmoja wa Marungu, aliyeketi juu ya benchi na sarufi ya Kilatini, akachukua kalamu akawaeleza tunavyofikiri. Kitabu kinachosifiwa na wote, Filozofia ya Wabantu cha Padri Placide Tempels, kilitoka Elisabethville katika 1945. Sisemi kwamba Tempels hakufanya kazi kubwa. Nasema kwamba Kaoze alitangulia miaka 35, na watoto wetu shuleni wanalisikia jina la Tempels tu.

Je, sarufi ndiyo iliyompa Kaoze akili? Hapana. Akili aliitoa kwa mama yake na kwa wazee wa Marungu. Lakini masomo yalimpa namna ya kuipanga katika maneno ambayo mgeni hakuweza kuyakataa. Baada ya vita kuu ya pili alikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kuitwa katika Baraza la Serikali huko Léopoldville. Alikufa 1951.

Sasa tazameni jambo lingine. Si wote walioingia seminari waliokuwa mapadri. Wengi walitoka. Watu waliwacheka, wakasema wameshindwa. Joseph Kasa-Vubu alisoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha filozofia huko Kabwe katika Kasai, akatoka katika 1939. Akawa mwalimu, kisha karani. Katika 1946 alisimama mbele ya wenzake waliosoma shule za mapadri, akasema juu ya haki ya watu waliotangulia kukaa katika nchi. Maneno yalikuwa ya sheria na filozofia, lakini kila msikilizaji alijua nchi ni ya nani. Mwaka 1960 akawa Rais wa kwanza wa Kongo. Hivyo seminari zilizalisha watu wa namna mbili, mapadri na waliotoka, na Wabelgiji hawakuwa wamefikiri sana juu ya hao wa pili.

Niongeze hapa, ili nisidanganye mtu: Patrice Lumumba hakusoma humanite. Alisoma shule ya posta, akafanya kazi ya posta Stanleyville, na vitabu alivisoma usiku peke yake. Mungu anajua njia nyingi.

Mlango wa walei ulifunguliwa kwa kuchelewa. Utaratibu mpya wa 1948 ulikubali sekondari ya miaka 6 kwa Wakongo. Katika 1954 Waziri Buisseret alianza kufungua shule za Serikali zisizo za dini, na palikuwa ugomvi mkubwa kati yake na maaskofu. Ugomvi wenyewe sitausimulia, ni mrefu na pande zote zilisema maneno ya kujutia. Mwaka ule ule chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville. Ilionekana mara moja kwamba vijana hawakupata humanite kamili, ikabidi kuwapa kwanza mwaka wa kutengeneza msingi. Ukuta hauanzii juu. Kisha, katika 1956, chuo kikuu cha Serikali kilifunguliwa Elisabethville, na mwaka huo Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu.

Uhuru ukafika 1960. Mapadri Wakongo walikuwa mamia. Walei Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Watu hutaja hesabu hiyo ya pili kila mara ili kuwacheka Wakongo ama kuwalaumu Wabelgiji. Wakisahau hesabu ya kwanza, hawaelewi kitu. Akili haikukosekana. Palipokuwa mlango, watu walipita.

Na wasichana? Hapa nilisimama kidogo katika kuandika, sababu nilimkumbuka yule binti amesimama nyuma ya baba yake. Mvulana mweusi alikuwa na mlango mmoja. Msichana hakuwa na hata huo, kwa kuwa ufunguo wake ulikuwa upadri. Kwa masista alijifunza kushona, kupika, kulea mtoto, na akisoma sana aliweza kufundisha watoto wadogo. Hizo ni kazi njema. Lakini Sophie Kanza, dada ya Thomas, alikuwa msichana wa kwanza wa Kongo kumaliza sekondari, na ilikuwa 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru! Miaka 3 baadaye alipata shahada ya elimu ya jamii huko Lovanium, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupata shahada. Katika 1966 akawa waziri, na hapo pia alikuwa wa kwanza. Baada ya kufunguliwa mlango, miaka 5 tu ilitosha toka benchi la shule hata kiti cha waziri.

Baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya kuchekesha. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwisho wa 1963, ulikubali lugha za watu katika liturjia. Kilatini kikatoka polepole altareni. Leo padri wetu anasoma Misa kwa Kiswahili, na tangu 1988 Kongo ina taratibu yake ya Misa iliyokubaliwa na Roma. Wakati huo huo Serikali ya uhuru iligawa humanite katika sehemu nyingi, na Latin-Filo ikawa wazi kwa kila mtoto, mvulana kwa msichana, Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu. Basi Kilatini kimepungua kwa mapadri na kimefunguliwa kwa wote, na ndiyo siku hizi watu wanasema Kilatini ni cha mapadri!

Mimi mwenyewe nilikisoma seminari ndogo. Tulikuwa watano kwa kitabu kimoja cha sarufi, na mwenye kukaa upande wa dirisha ndiye aliyeshika ukurasa. Nilikichukia mwaka mzima. Kisha tulianza kusoma vita vya Julius Caesar, mkubwa wa majeshi ya Roma. Tukamwona anaingia katika nchi ya Wabelgae, mwaka wa 57 kabla ya Kristu. Anawasifu kwa ushujaa, halafu anawashinda. Mwalimu wetu, mzee Mkongo, aliweka kitabu chini akauliza: «Jina hilo limewapa nani jina leo?» Kalasi yote ikapiga makelele. Kumbe hata nchi ya wale waliotutawala iliwahi kutawaliwa, ikatozwa kodi, na watu wake wakafundishwa lugha ya mgeni! Mvulana mmoja akauliza kama na wao walikatazwa kusoma. Mwalimu alicheka hata akatoa miwani. Tangu siku ile sikukichukia tena.

Na kama mnataka mtu wa siku zetu, mtazameni V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, ndiyo Likasi, katika 1941. Alilelewa na Wabenedikto, akaingia utawa, akatoka. Alipata udaktari wake Louvain katika 1970. Kitabu chake cha 1988 kinaonyesha jinsi Wazungu walivyoibuni Afrika katika maandiko yao, na anawasoma waandishi wa kale wa Kilatini na Kigriki kama mtu anayesoma barua zilizoandikwa juu ya jamaa yake. Alikufa 2025.

Wiki ilipokwisha, yule baba alirudi na binti. Niliwaambia haya, kwa ufupi. Niliwaambia na upande wa pili, sababu ni lazima. Katika Latin-Filo hesabu ni chache. Mwenye kutaka kuwa mganga ama injinia atapata taabu kubwa chuoni; njia yake kweli ni biokimia ama hesabu na fizikia. Mwenye kupenda sheria, uandishi, historia, ualimu wa lugha, hapo ni mahali pake. Tena chuo ni fedha. Aliyemaliza pedagogia anaweza kushika kalasi ya msingi mara moja, lakini aliyemaliza Latin-Filo asipoendelea atakaa nyumbani. Kisha niliwaambia waulize kwanza kama shule ina mwalimu wa Kilatini. Najua shule moja, sitaitaja, ambayo mwalimu wake aliondoka mwezi wa kumi, watoto wakakaa bila Kilatini hata Pasaka. Jina la sehemu ukutani halifundishi.

Baba akanyamaza muda mrefu. Kisha akamgeukia binti: «Wewe unataka kuwa nani?»

Akajibu, kwa sauti ndogo lakini bila kusita: «Jaji.»

Baba akasema hajapata kuona jaji mwanamke katika mji wetu. Binti akasema naye hajamwona.

Mwezi wa tisa walikuja tena wote wawili, jioni, kuniazima kamusi yangu ya Kilatini. Ni Gaffiot ya zamani, jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu, na kurasa za kwanza za herufi A zimeliwa na mchwa. Niliwaonya juu ya kurasa hizo. Baba aliipima mkononi, akaona ni nzito, akamwambia binti ashike taa, kamusi ataibeba yeye.